Mguu Mbaya wa Orrin Tvedt

Watu wa Bellgrove hawana la kuficha kuhusu timu yao: inafungwa. Inafungwa mvua ikinyesha, inafungwa jua likiwaka, inafungwa nyumbani, inafungwa ugenini. Safari moja ilifungwa na timu ambayo basi lake liliharibika njiani, wakafika wamechelewa, wengine wakaingia uwanjani kamba za viatu zinaburuzika. Hao ndio Korongo wa Chuo cha Bellgrove, jimbo la Iowa. Ukiwataja pale mjini, mwenye adabu anaangalia chini na asiye na adabu anacheka.

Orrin Tvedt hakuwa huku wala kule. Yeye alikuwa na matumaini, na mtu wa namna hiyo hatibiki. Alianza kupelekwa uwanjani angali mtoto, amekaa mabegani mwa baba yake, na tangu hapo ni kama aliyelishwa dawa. Kazi yake yote ilikuwa kuendesha gari la kaunti la kusukuma theluji barabarani, sasa amestaafu, magoti yamegoma, masikio ndiyo mazima bado. Lakini Jumamosi za vuli, chuo kikicheza, unamkuta kwenye benchi lilelile la bati karibu na nguzo, pale upepo unapopita ukikukata masikio. Hapo ndipo alipokaa baba yake mpaka alipokufa, na Orrin husogea akaacha nafasi kidogo upande wa kushoto, hata yeye hajui kwa nini anaiacha.

Basi bwana, balaa lilianza na mawe ya nyongo. Mwaka juzi, siku ya Ijumaa, yalimbana mpaka akakimbizwa hospitali, akapasuliwa usiku uleule. Kesho yake Korongo wakashinda. Nasema wakashinda! Mkewe, Marlys, alipomwambia pale kitandani, Orrin alidhani dawa ya usingizi bado inamchezea, akaomba aambiwe tena.

Msimu wote uliofuata wakafungwa, yeye yupo. Halafu mwaka huu, mwezi wa Septemba, binti wa dada yake akaolewa kule Omaha. Jumamosi! Hebu niambie, ni nani mwenye akili zake anayeweka harusi Jumamosi ya vuli? Orrin alinuna kanisani, akanuna kwenye keki, na Marlys akamfichia simu kwenye mkoba wake asiichungulie. Jioni wakaifungua. Korongo wameshinda tena.

Mara mbili tu timu ilishinda katika misimu mitatu, na mara zote mbili Orrin hakuwepo.

Aliyelisema kwanza alikuwa Verlyn Stuhr, kinyozi, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Verlyn ana mdomo, hilo halina ubishi. Alikuwa anamnyoa mtu, akanyoosha mkasi kumwelekea Orrin aliyekuwa amekaa akisubiri zamu yake, akasema, "Nyie, mmeshaona? Huyu jamaa ana gundu!" Watu wakacheka. Orrin naye akacheka, tena sana. Wiki iliyofuata Verlyn akalirudia, na safari hii waliocheka walikuwa wachache. Wiki ya tatu hakucheka mtu. Orrin akiingia kunywa kahawa kwenye kituo cha mafuta, mazungumzo ya mpira yanakatika, watu wanaanza kuulizana bei ya mahindi.

Ikabaki mechi ya mwisho ya msimu, na yenyewe ni dhidi ya Mtakatifu Odo, chuo cha ng'ambo ya mto. Mshindi wa mechi hiyo hupewa mpini wa pampu ya zamani ya maji, akae nao mwaka mzima. Usicheke. Kwa mpini ule watu wameshavunja uchumba. Na upo ng'ambo miaka mingi mpaka vijana wa Bellgrove hawajui hata una rangi gani.

Jumatano Verlyn akaja nyumbani, kofia mkononi, akakaa jikoni bila kugusa kahawa.

"Orrin, ndugu yangu," akaanza, "si mimi, unajua. Ni watu."

"Watu gani?"

"Watu tu. Wanasema Jumamosi hii... kwa kuwa ni Odo... labda ungepumzika nyumbani."

"Nipumzike! Kwani naumwa?"

"Si kuumwa. Ni huo mguu wako, bwana. Una mguu mbaya. Ukikanyaga tu pale, vijana mikono inateleza kama wamepaka mafuta."

Orrin akawa mwekundu mpaka kwenye upara. Mpole akikasirika huwa hajui breki ziko wapi. Akasimama, akagonga meza.

"Sawa! Siingii! Nitakaa nje kwenye maegesho, redio sifungui, simu nampa Marlys. Wakishinda bila mimi, Verlyn, basi sikanyagi tena mle ndani mpaka nafukiwa. Benchi langu mpe huyo mpwa wako anayelitolea macho kila siku. Lakini wakifungwa! Wakifungwa na mimi niko nje, usinitamkie tena neno gundu maisha yako yote. Wala wewe, wala hao watu wako."

"Mkono," alisema Verlyn.

Wakapeana mikono. Marlys alikuwa amesimama kwenye sinki na sahani inamchuruzika maji. "Mmeingiwa na wazimu," akasema. "Nyote wawili. Wazee wazima!"

Usiku Orrin hakulala vizuri. Hasira ilishamtoka, ikabaki akili, na akili ikamwonyesha alichofanya. Ameomba maisha yake yote Korongo washinde. Sasa wakishinda, anapoteza mahali pekee duniani anapojisikia mtoto wa mtu. Wakifungwa, anapona. Aligeuka huku, akageuka kule, akamsikia Marlys akisema gizani, "Si ulishikana mkono mwenyewe? Lala."

Jumamosi kulikuwa na baridi ya kukwangua. Maegesho yakajaa tangu asubuhi, magari yamefungua milango ya nyuma, majiko yanafuka, watu wamevaa kijani kuanzia kofia hadi soksi. Marlys alileta sufuria ya maharage mazito ya nyama na pilipili, na trei ya mikate ya mdalasini ya kuchovyea, maana bila mikate hiyo maharage yale hayapandi. Watu walipita kuchota, wakamsalimia Orrin kwa sauti za chini na kumpapasa bega. Msiba mtupu. Mmoja akamwambia, "Tunashukuru sana, mzee," na Orrin akatamani ammwagie sufuria.

Tarumbeta zikalia, watu wakaanza kuelekea malangoni. Verlyn akapita na bendera, akamnyooshea kidole. "Redio?"

"Imezimwa. Nenda zako."

Marlys akabaki nyuma, anavuta glavu. "Nikae na wewe?"

"Nenda. Mtu mmoja wa nyumba hii lazima awepo."

Akambusu shavuni, akaenda. Maegesho yakawa kimya, karatasi zinapeperuka, na Orrin peke yake na jiko lake na mgongo wa uwanja mbele yake. Aliona migongo ya watu wa juu kabisa, basi. Mtu aliyekosa mechi mbili tu za nyumbani tangu utotoni, amesimama nje anatazama migongo.

Hapo ndipo alipoona kwamba hayuko peke yake. Gari la pili kutoka lake lilikuwa na kibendera cha zambarau, rangi ya Mtakatifu Odo, na ndani yake alikaa mwanamke mtu mzima sana, amejifunika blanketi la zambarau mpaka kidevuni, anatazama usukani ambao si yeye aliyeushika. Orrin akafikiri mama wa watu anaumwa. Adui ni adui, lakini baridi ni baridi. Akajaza kikombe maharage, akaweka mkate juu, akaenda kugonga kioo.

"Mama, u mzima? Watu wako wamekusahau?"

Kioo kikashuka. "Hawajanisahau," alisema yule mama, akipokea kikombe bila kujivunga. "Wameniacha kwa makusudi. Asante, mwanangu. Kuna kijiko?"

Akampa kijiko. Aliitwa Rosalie Hruska. Alikula vijiko viwili, akafumba macho kwa raha, kisha akasema kana kwamba anamweleza daktari, "Nina mkosi."

Orrin akainama dirishani.

"Mjukuu wangu Tobias anachezea Odo. Ni mdakaji, yule anayekimbia mbele kudaka mpira unaorushwa. Mwaka wake wa tatu huu. Kila ninapoingia uwanjani, mpira unamponyoka na timu inafungwa. Nimeingia mara nne, mara zote nne. Nisipoingia, anadaka hata nzi! Basi mwanangu Eugene kaniambia, Mama, tunakupenda, tutakuchukua kwenye gari, lakini kaa humo humo. Nimejibishana naye wiki nzima. Mwisho nikamwambia: leo ndiyo iwe hukumu. Mkishinda bila mimi, sitaomba tena. Mkifungwa, mwakani naingia na nakaa mbele kabisa." Akamtazama. "Na wewe je? Mbona uko nje na mavazi yote hayo? Umefukuzwa?"

Orrin akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika paa la gari. Akavuta kiti chake cha kukunja, akaja nacho, akamsimulia yote: mawe ya nyongo, harusi ya Omaha, Verlyn na mkasi wake. Rosalie alisikiliza huku anachovya mkate, na mwisho akatikisa kichwa.

"Kumbe tumekaa hapa nuksi wawili."

"Wawili, mama. Wa kwenu na wa kwetu."

"Sasa mmoja wetu lazima leo aumbuke."

Hilo Orrin hakuwa amelifikiria. Kicheko kikamwisha.

Humo ndani mpira ulikuwa umeanza. Mchezo wao huo wa mpira wenye umbo la yai, wa kubeba, kurusha na kugongana, una kelele zake, na Orrin alizijua zote kama anavyojua milango ya nyumba yake. Kuna kelele ya kusimama, kuna ya kukaa, kuna ile ya "ah!" fupi ambayo ndiyo wimbo hasa wa Bellgrove. Mara ikaja kubwa ya kupanda, ikapanda, ikapanda, na bendi ya chuo ikalipuka na wimbo wa ushindi.

Rosalie akatega sikio. "Hao ni kina nani?"

"Ni sisi. Tumefunga."

"Hongera." Akamwangalia. "Mbona umenuna hivyo?"

"Sijanuna."

"Umenuna, mwanangu. Uso umeshuka mpaka kwenye zipu."

Zikaja tarumbeta nyembamba kutoka upande wa pili, ule wa wageni. Odo nao wamesawazisha, na Orrin akajikuta amevuta pumzi vizuri. Kisha bendi ya nyumbani tena. Wakati wa mapumziko alikuwa amekwangua jiko lote mpaka likang'aa, wala halikuwa chafu.

"Nikuambie kitu, mama?" alisema hatimaye, akiwa hamtazami. "Usimwambie mtu. Nimekaa hapa naomba timu yangu ifungwe."

Akangoja ashangae. Rosalie akafuta vidole polepole kwenye blanketi.

"Mimi nimesali rozari nzima," akasema, "nikiomba Odo ifungwe. Mjukuu wangu yumo humo, damu yangu, na mimi bibi yake naomba ateleze. Mungu anisamehe! Lakini ana mwaka mmoja tu wa kucheza baada ya huu, kuanzia hapo ni kazi na ndoa na mambo mengine, na mimi sijawahi kumwona anadaka mpira hata mmoja. Hata mmoja! Nasimuliwa tu."

"Kwa hiyo wewe unaiombea timu yangu ishinde."

"Na wewe unaiombea yangu."

"Basi tunabatilishana, mama."

"Tunamchosha Mungu bure," alisema Rosalie, na wote wawili wakacheka, lakini si kwa nguvu.

Robo ya tatu ikapita kwa zile "ah!" nyingi za huku na kule. Jua likainama. Robo ya nne, mtu mmoja aliyevaa kijani akatoka mbio langoni, anakimbilia vyoo vya nje, na alipomwona Orrin akapiga kelele kwa furaha mpaka sauti ikamkwama.

"Tunaongoza, mzee! Tunaongoza na dakika zimebaki mbili! Usisogee! Hapo hapo ulipo, usiguse kitu!" Akaingia chooni, na humo ndani akaendelea kuimba.

Orrin hakusogea. Hata angetaka asingeweza. Tangu utotoni, mpaka akazika wazazi wake, mpaka akalea watoto wawili wakahamia miji ya mbali, amekuwa akiingoja siku ambayo Korongo wataifunga Odo mbele ya watu wao, na siku yenyewe ndiyo hii, na yeye yuko nje anaambiwa asiguse kitu. Akafikiria benchi. Akafikiria mpwa wa Verlyn, kijana mnene mwenye kupiga chafya, akiketi pale kwa nguzo na kujaza ile nafasi ya kushoto. Hakuona haya, machozi yakamtoka pale pale, yakamganda kwenye ndevu.

Rosalie alitoa mkono dirishani akamshika. Mambo yalikuwa yanamwendea vizuri yeye, lakini hakuonyesha. "Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana."

"Baba yangu alikaa pale," Orrin akasema. "Ni benchi tu la bati. Linatia baridi mpaka kwenye mifupa."

"Najua."

"Na wanastahili, wale vijana. Wamepigwa vya kutosha. Wacha washinde, mama. Wacha washinde tu." Na aliposema hivyo alikuwa anamaanisha, ndicho kilichomshangaza mwenyewe.

Humo ndani pakawa kimya. Si kimya cha kuchoka, ni kile ambacho maelfu ya watu wanashikilia pumzi pamoja. Orrin akasimama bila kujijua. Kisha ikaja. Ilianza kama mguno, ikashuka, ikaendelea kushuka, watu wazima wanaguna kama wamekanyagwa vidole wote kwa mpigo, na juu yake, upande wa wageni, tarumbeta nyembamba zikaanza kupayuka kama zimepagawa.

Rosalie akaubana mkono wake. "Ni kina nani hao? Niambie. Ni kina nani?"

Orrin alilijua guno lile kuliko jina lake. "Ni nyie, mama," alisema. "Mmetufunga."

Akakaa kitini kwa kishindo. "Asante Mungu," akasema. "Oh, asante Mungu wangu." Akalia na kucheka kwa pamoja, na hakujali nani anamwona. Hana gundu! Hajawahi kuwa nalo! Timu ni mbovu tu, mbovu kwa jitihada zake yenyewe, na yeye ana benchi lake.

Alipogeuka kumshirikisha yule mama, furaha ikamkatika. Rosalie alikuwa ameegemea kiti, macho yamefumbwa, blanketi limemwanguka mabegani. "Labda kadaka Tobias," alisema taratibu. "Nadhani ni yeye. Ameshinda mtoto wangu."

Watu wakaanza kumiminika malangoni. Ungewaona! Vichwa chini, bendera zinaburuzwa, wanaume wanagombana na wake zao juu ya funguo za gari. Katikati ya ule msiba wa kijani alikuja Marlys anakimbia, mwanamke wa miaka sitini na tano, kofia upande, na katika watu wote wa Bellgrove siku ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa anacheka.

"Tumefungwa!" alipiga kelele. "Orrin! Tumefungwa, mume wangu! Sekunde ya mwisho!" Akamrukia, nusura wote wawili waanguke juu ya jiko. Watu wakageuka kuwatazama kwa chuki. Aliweka mdomo sikioni mwake. "Nimeomba tangu mwanzo," akasema. "Nilivyokuwa nashangilia, nilikuwa nadanganya."

Verlyn akafika baadaye, bendera begani, amezeeka kwa saa tatu. Akasimama mbele ya Orrin, akaangalia viatu.

"Haya," alisema. "Si wewe."

"Sijasikia vizuri."

"Si wewe, Orrin! Umefurahi? Huna gundu! Tulikuwa tunaongoza, mtu wao mmoja akaruka kati ya watu wetu watatu akadaka mpira akaingia nao." Akaketi kwenye ndoo. "Sasa kama si wewe, ni nani? Leo nimevaa soksi mpya. Unadhani ni soksi?"

"Wanacheza vibaya, Verlyn," alisema Marlys. "Ndiyo hivyo tu. Hawajui mpira."

Verlyn akamtazama kama aliyezungumza Kichina, akaanza kuvua kiatu.

Nao watu wa Odo wakaja, kelele juu. Mbele yao jitu pana la zambarau, ndiye Eugene, likaingiza kichwa dirishani na kumbusu mama yake. "Mama! Ni Tobias! Amedaka ya mwisho! Mwili mzima hewani, Mama, ungeona!" Na hapo hapo, bila kupumzika, "Umeona sasa? Umeona ukikaa nje? Tulikubaliana, au siyo? Mwakani unabaki na redio yako, mambo safi!"

"Nimesikia, Eugene," alisema Rosalie. Alitabasamu vizuri kabisa, lakini mkono wake ulikuwa unalipapasa blanketi bila kulipata.

Orrin akauona ule mkono. Alikuwa ametoka huko sasa hivi, anapajua. Ni mtu mzito wa kufikiri, watakuambia hata waliofanya naye kazi, lakini safari hii wazo lilimjia zima zima. Akamshika Verlyn kwa kola, kiatu kimoja mguuni, akamsogeza mpaka kwenye dirisha la gari la zambarau.

"Verlyn, huyu ni mama Rosalie. Ni bibi yake yule kijana aliyetufunga."

"Hongera," alisema Verlyn kwa uchungu.

"Ngoja. Mama, mwambie inakuwaje ukiingia uwanjani."

Rosalie akamtazama Orrin, hakuelewa, akajibu tu. "Odo wanafungwa."

"Kila mara?" aliuliza Verlyn.

"Kila mara. Na Tobias mpira unamponyoka."

Ungeweza kuona Verlyn anavyokokotoa, midomo inacheza. Akavua kofia. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akainama dirishani kwa adabu ambayo hata kwa mchungaji hajawahi kuionyesha.

"Mama," alisema, "soseji unakula?"

"Nakula."

"Na mwakani tunacheza kwenu. Sisi watu wa Bellgrove tunapewa upande wetu mzima. Ungependa kukaa na sisi? Mbele kabisa. Blanketi tutakuletea. Kahawa tutakuletea. Nitakubeba mwenyewe!"

Eugene akasukuma kichwa katikati. "Nyie mnasemaje? Mama hawezi kukaa na maadui! Mama, mwambie."

Rosalie alikuwa amelipata blanketi. Akalivuta, akalikunja vizuri magotini, na uso wake ukaanza kufunguka polepole. "Wewe umenikataza kukaa kwenu, Eugene," akasema. "Kwao hukunikataza."

"Mama!"

"Mwakani naingia. Chagua tu mlango."

Eugene akamwangalia mama yake, akamwangalia Verlyn na mguu wake wa soksi, akaanza kusema kitu kuhusu kuzungumza nyumbani kama familia, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Marlys alikuwa ameshafungua mlango wa gari na kumtoa yule mama nje ili apate moto wa jiko. Orrin akamvutia kiti chake mwenyewe.

Kabla ya kuketi, Rosalie akamshika Orrin mkono wa koti, akamvuta karibu, na sura yake ilikuwa na wasiwasi wa kweli.

"Lakini nikikaa kwenu, halafu Tobias akadaka," alisema, "nitapiga kelele. Nakwambia mapema. Sitaweza kujizuia."

"Piga, mama," alisema Orrin. "Piga mpaka sauti ikauke. Nitasimama na wewe."